Mbavu za Kondoo kwa Divai ya Toro

Agripina alipotumbukiza mkono ndani ya kofia ya mwalimu na kutoa karatasi iliyoandikwa "Toro", wenzake wa darasa la divai walimpa pole. Walikuwa wamejifunza pamoja majira yote ya baridi katika ukumbi mdogo wa Sundbyberg, kando ya Stockholm, na sasa kila mmoja alitakiwa kupika chakula cha kufuatana na divai iliyomwangukia, kisha wote wapige kura Jumapili. Wengine walipata divai nyeupe, laini. Agripina akapewa chupa mbili za ile ya Uhispania, nyekundu iliyokoza hata mwanga haukupenya glasi.

Alirudi nazo nyumbani kwake, mtaa wa Hallonbergen. Tangu atoke Bukoba kuja kusomea kazi ya maabara, hakuwahi kushindanishwa katika jambo tamu namna hii.

Jioni ile ile alikaanga samaki. Alipoteremshia divai, mdomo ulijaa ladha ya chuma, kama mtu aliyelamba msumari. Kesho yake akapika kuku wa pilipili. Pilipili na divai zikashikana kooni, zikamtoa machozi. Ndizi mbivu za kukaanga ndizo zilizoharibu kabisa, maana utamu wake uliifanya divai iwe chungu kama mwarobaini.

Akampigia simu Hajara, rafiki yake Mganda aliyekuwa akiishi Rågsved, upande wa pili wa jiji. Hajara alikuwa Mwislamu na pombe hakuitia mdomoni, lakini harusi nyingi za Waafrika wa Stockholm zilimtafuta yeye kwanza kwa nyama ya kuchoma.

"Dada, nimekwama. Divai hii inakataa kila kitu."

"Chupa yako siigusi, unajua."

"Najua. Nataka mkono wako kwenye nyama tu."

"Haya. Ukiinywa, inafanyaje mdomoni?"

Agripina akafikiri. "Ina ukakasi. Inakaza ulimi kama ndizi mbichi."

"Basi inataka mafuta, mdogo wangu. Nakuja na mbavu za kondoo."

Jumamosi walichoma uani, nyuma ya ghorofa, theluji ya mwisho ikiyeyuka kando ya jiko la mkaa. Hajara alizipaka mbavu kitunguu saumu, chumvi, ndimu na pilipili hoho nyekundu ya kusaga. Kila kipande kilichoiva alimkatia Agripina, kisha akamkazia macho usoni wakati akinywa.

"Bado," alisema mara ya kwanza, kabla Agripina hajatamka neno. "Umekunja uso. Ndimu nimezidisha."

Mara ya pili akatikisa kichwa. Mara ya tatu akayaacha mafuta yadondokee makaa, moshi ukaifunika nyama, kingo zikaungua kidogo. Agripina akatafuna, akanywa. Ukakasi wote ukalainika. Ile divai iliyompiga vita wiki nzima ikafunguka kinywani, ikawa matunda meusi yaliyoiva, moshi, na joto lililoshuka taratibu hadi kifuani. Akaanza kurukaruka na koti lake zito.

"Hapo sasa," alisema Hajara, naye anacheka.

Jumapili waliwasha jiko mbele ya ukumbi, na harufu ikaingia ndani kabla yao. Watu wakatoka na glasi zao, bila kofia, wakasimama kwenye baridi kulizunguka jiko. Mwalimu Ragnvald, bwana aliyezoea kulieleza kila tone kwa maneno mengi, alichukua ubavu kwa mkono, akauma, akanywa, akachukua mwingine. Agripina aligawa maharage meupe yaliyopikwa na vitunguu.

Kura zilipohesabiwa, jina lake lilisomwa la kwanza. Akamvuta Hajara mbele kwa nguvu, wakapigiwa makofi wote wawili, mmoja na glasi ya divai, mwingine na juisi ya tufaha.

Watu walipokuwa wakivaa makoti, Ragnvald aliwafuata. "Ninaoa mwezi wa sita," alisema, akifuta vidole. "Wageni ni wengi. Mnaweza kutupikia nyama hii?"

Agripina, ambaye hakuwahi kupikia umati, alianza kutafuta maneno ya Kiswidi ya kujitetea.

"Harusi ni ndani au nje?" aliuliza Hajara.

"Nje, kando ya ziwa."

"Tutakuja," Hajara akajibu, na Agripina akajikuta anaitikia kwa kichwa, mara ya pili, mara ya tatu.