Ndege Waliokaa Eda

Ndoto yangu ni ya leo, na wala si ya usiku. Ni ya mchana kweupe, baada ya kuswali adhuhuri, nimejilaza mkekani na feni inanipuliza miguu. Nasema mapema ili mtu asije akaniambia haya ni mambo ya gizani. Jua lilikuwa linawaka, na wifi yangu Arafa alikuwa chumba cha pili anafunga vitu.

Naota kabati linapiga hodi.

Si mlango, kabati. Kabati la vioo la marehemu mume wangu, Mbarouk. Humo alikuwa akiweka ndege zake za kivita, za plastiki, zile ambazo ukizikunja mbawa na kuzivuta miguu zinageuka roboti lenye kichwa na mikono. Mtu mzima, fundi wa vyarahani, ana mvi hadi kwenye nyusi, na ndege za kuchezea. Michenzani nzima ilimcheka, na mimi nilimcheka kuliko wote maana nilikuwa karibu. Mwenyewe hakujali. Aliwaita "huyu" na "yule" kama watu, kwa hiyo nami nitawataja hivyo hivyo.

"Karibuni," nalijibu kabati. Ningefanyaje?

Kioo kinafunguka, wanatoka mmoja mmoja, nusu wanatembea kwa miguu na nusu wanajiburura kwa matumbo. Wakifika ukingoni mwa mkeka wanavua magurudumu, wanayapanga vizuri, halafu wanapanda. Wote wamejifunga vitambaa vyeupe. Naangalia vizuri, ni shuka yangu ya kitandani, ile mpya.

Wa kijivu, mkubwa wao, anajikohoza. "Bi Raya, makiwa."

"Tunayo," nasema.

"Na sisi tuko eda. Tangu siku ile hakuna aliyeruka, hakuna aliyejitia mafuta, hakuna aliyechungulia dirishani."

"Eda ni ya mke," nikamwambia. "Nyinyi ndege."

"Mambo ya sharia hatuyajui. Tunajua kulikuwa na mikono miwili ikitushika, na sasa haipo. Wewe uliolewa lini?"

"Mwaka ule wa mvua kubwa."

"Mimi nililetwa kabla ya mvua."

Kwa hesabu hiyo alikuwa mke mwenzangu, tena mkubwa, na mke mkubwa hajibizwi mbele za watu.

"Tumekuja kwa ajili ya yule," akasema, akaelekeza pua yake mezani.

Hapo mezani ndipo ilipo shida yangu, na shida hiyo si ya ndotoni. Siku aliyofariki, Mbarouk alikuwa amekaa kwenye kiti chake anamgeuza ndege wa buluu. Moyo ulisimama pale pale kitini. Mimi nilikuwa jikoni, sikusikia hata kishindo. Buluu akabaki nusu: mguu mmoja uko chini, mwingine uko mgongoni, bawa moja limekunjwa, jingine liko wazi, na kichwa kimetoka kifuani kidogo tu, kama kobe anayesikiliza. Tangu siku hiyo hajaguswa. Leo eda yangu inamalizika, nahamia Pemba kwa mama, na Arafa anawaingiza wote kwenye maboksi yao. Buluu haingii. Boksi lake limechongwa umbo la ndege, na yeye si ndege wala si roboti. Asubuhi Arafa alijaribu kumsukuma bawa, nikapiga kelele hadi jirani wa juu akagonga sakafu.

Nataka kummalizia Mbarouk kazi yake. Hilo tu. Lakini nataka niimalize kama alivyotaka yeye, na kitu kilicho nusu ukikitazama hakikwambii kama kilikuwa kinakwenda au kinarudi. Alikuwa ndege anafanywa roboti, au roboti anafanywa ndege? Nikikosea, nitakuwa nimefuta jambo la mwisho mume wangu alilolifanya duniani. Kwa sababu hiyo nimekuwa nikimzunguka mezani siku zote hizi, nampangusia vumbi kwa pumzi.

Basi ndotoni nikainuka nimwendee, na ndege wote wakapiga ukelele kwa pamoja. "Mikono!"

Loo! Nilisahau. Mbarouk alikuwa na masharti yake: ndege hakai juani, hashikwi bawa, halazimishwi, na mikono yenye samaki haimgusi kamwe. Hilo la samaki alilisema kila siku ya Mungu, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikipika, nililiona limetungwa kwa ajili yangu. Miaka yote ya ndoa sijawahi kumshika hata mmoja. Lilinikera, nililiona dogo, na bado lilinikera.

Nikaenda kwenye beseni. Nikatia mikono, beseni likakunja uso. "Pono," likasema.

Nikanawa kwa sabuni.

"Pono wa kukaanga."

Nikanawa kwa ndimu na majivu, nikasugua hadi kucha. Beseni likanusa, likanusa tena, likamwuliza ndoo aliye karibu naye, wakashauriana. "Haya," likasema. "Lakini umetusumbua."

Naenda mezani. Buluu ananitazama kwa jicho moja, la pili bado limo kifuani.

"Ulikuwa unakwenda au unarudi?" namwuliza.

"Kwenda wapi?"

"Alikuwa anakufanya roboti au ndege?"

"Bibi weye, mimi nilikuwa nimelala. Nimeshtuka mguu uko mgongoni na watu wanalia. Nikaona si adabu kuuliza." Akavuta pumzi. "Nimechoka, Bi Raya. Hebu tazama goti langu."

Natazama. Plastiki ya buluu imeanza kuwa nyeupe pale gotini. Mbarouk aliwahi kunionesha kwa mbali, kwa kidole: plastiki ikikaa imejipinda muda mrefu hupauka hivyo, na ikishapauka inakatika. Nikahisi goti langu mwenyewe linauma.

Nikashika bawa lililokunjwa, nikalisukuma taratibu kuelekea undege. Likakataa.

"Rudi hatua moja nyuma!" ndege wakasema wote. Hilo nalo ni la Mbarouk. Ikikataa usilazimishe, rudi hatua moja nyuma, ndipo uendelee.

Nikarudi hatua moja, kwa mguu.

Nipo kwenye ngazi za jengo letu, alasiri ya siku ya maziko. Viatu vya watu vimejaa ngazi zote, na kila kiatu kinasema pole kwa sauti ya chini, cha kulia kwanza, kisha cha kushoto. Buluu ninaye mkononi. Wanaume wanashuka na jeneza, na mimi nimebanwa ukutani kwenye viatu, na hakuna anayeniona. Sitaki kukaa hapa. Nikashika mguu ule wa mgongoni, nikauvuta kuelekea uroboti. Ukakataa nao.

Nikarudi hatua nyingine, nusura nikanyage malapa ya imamu.

Nipo sebuleni kwetu, asubuhi. Jikoni nasikia mtu anaparua samaki, kru, kru, kru. Ni mimi. Najijua kwa kile kikohozi changu. Na kwenye kiti, miwani imeteremka puani, saruni imefungwa ovyo, amekaa Mbarouk.

"Mbona umekuja na huku bado uko jikoni?" akaniuliza, bila kushangaa.

Nilikuwa nimemkosa mtu huyu hadi mifupa inaniuma, na yeye ananiuliza maswali ya jikoni! Nikakaa sakafuni karibu na miguu yake, nikaishika. Ilikuwa ya moto.

"Mbarouk," nikasema, "huyu Buluu alikuwa anakwenda au anarudi?"

Akainua mikono yake nione. Ilikuwa inatetemeka. Ilianza miezi ya mwisho ile, akaisingizia feni, nami nikaizima feni, na mikono ikaendelea.

"Amekwama," akasema. "Kuna kijino humu ndani ya kwapa, nyuma ya bawa. Hukioni, unakipapasa. Ukikibonyeza kwa ukucha, mguu na bawa vinaachia kwa pamoja. Mimi kidole hakitulii tena. Nimehangaika nacho tangu nilipotoka kuswali. Nikasema basi, nitamwita Raya, ana vidole vyembamba."

"Mbona hukuniita?"

"Nilifungua mdomo nikuite. Nikasikia umeshaanza kuparua samaki." Akatabasamu kwa aibu. "Nikaona nisubiri unawe."

Jikoni, kru, kru, kru. Nilitaka kukimbia nikamnyang'anye yule mwanamke kisu. Tupa hao pono, ningemwambia, nawa, nenda kakae na mumeo! Lakini ndege walikuwa wamejipanga mlangoni kwa shuka zao nyeupe, na wa kijivu akatikisa pua, hapana.

"Miaka yote hukuniita," nikamwambia. Nilisema kwa hasira, na machozi yakawa yananitoka. "Hata kushika tu!"

"Miaka yote nilikuwa naweza mwenyewe," akasema. "Mjinga mimi. Nilifikiri ni raha ya peke yangu."

"Basi nirudi nyuma tena. Hatua kumi. Nikute bado mzima, tukae wote, unifundishe."

Akafikiri kweli kweli, akakunja nyusi kama anapima mkanda wa charahani. "Huko nyuma mikono yangu haitetemeki," akasema. "Huko sitakuwa na haja ya kukuita. Ninapokuita ni hapa."

Ndoto gani hii inayosema kweli hivi, Yarabi!

"Nimenawa," nikamwambia, nikamwonesha viganja. Akavinusa, akatikisa kichwa kukubali, akanishika mkono kwa mkono wake unaotetemeka, na mtetemo wake ukaingia kwenye mkono wangu ukatulia humo. Akanipeleka kidole hadi ndani ya kwapa la Buluu. Nikakipata kijino. Kidogo, hakifiki punje ya mchele.

"Nikishabonyeza nimgeuze nini?"

"Utakacho wewe. Hiyo hatua ya mwisho nilikuwa nikuachie uchague."

Kidole kikawa juu ya kijino na sikukibonyeza. Nilijua nikibonyeza yataisha. Nikasema moyoni, nitakaa hivi hivi, kidole kwapani, hadi Siku ya Kiama, na pono waungue. Mbarouk akaniachia. Hakunikemea, alinisubiri tu, na yeye kwa kusubiri alikuwa hodari.

"Raya," akasema mwishowe, polepole. "Goti lake."

Natazama. Weupe ulikuwa umepanda hadi pajani, na Buluu wa watu anajikaza asilie mbele ya wenzake.

"Nakupenda, ewe mzee wa midoli," nikamwambia, neno ambalo sisi wawili hatukuwa na mazoea nalo.

"Najua," akasema. "Usilazimishe. Sikiliza tu."

Nikaamka.

Feni inazunguka. Arafa anakata utepe wa gundi wa kufungia maboksi. Kabati liko wazi, rafu zote tupu, na maboksi yamepangwa ukutani, kimya. Nikainuka nikiwa bado na usingizi, nikaenda moja kwa moja mezani. Buluu yuko vile vile, nusu.

Sasa mnisikilize. Mimi sijapata kumshika ndege yule. Sijapata kuoneshwa ndani yake. Pale kwapani, kwa macho, hakuna kitu, ni plastiki tupu na kivuli. Nikaingiza kidole nyuma ya bawa, nikapapasa.

Kijino kipo.

Nikakaa kwenye kiti cha Mbarouk kwa mara ya kwanza tangu afariki. Arafa alitoka chumbani na boksi la Buluu mikononi, akanikuta, akasimama.

"Wifi, usije ukamvunja," akasema. "Au ukiweza mfanye ndege basi, tumfunge naye."

Nikabonyeza kwa ukucha. Tak. Mguu na bawa vikaachia kwa pamoja, laini, kama vilikuwa vinangoja kuambiwa. Nikauteremsha mguu, nikakunja bawa, nikakitoa kichwa kifuani. Sikuharakisha. Nikamsimamisha mezani kwa miguu yake miwili, roboti, kifua mbele, na macho yote mawili nje.

"Huyu hafungwi," nikasema. "Huyu nitampakata hadi Pemba."

Arafa aliweka boksi chini. Ni dada yake Mbarouk, tumbo moja, wamelala kitanda kimoja utotoni, na yeye pia hajawahi kuruhusiwa kuwagusa. Akamtazama Buluu, akanitazama mimi.

"Umejuaje, wifi? Nani kakuonesha?"

"Kaniita mwenyewe," nikamwambia. "Nimechelewa kidogo tu."