Paipu Zilizopakwa Rangi

Lorna Heikkinen alikuwa amelala chali chini ya pikapu, koti la baridi limembana kifuani, akikwangua kwa bisibisi rangi nyeusi iliyopakwa kwenye paipu ya breki. Ilikuwa nzito kama lami. Ndani yake hapakuwa na chuma cha kuitwa chuma, ni magamba mekundu tu yaliyomdondokea usoni. Upande ule wa Ziwa Superior, kaskazini mwa Amerika, barabara humwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu tangu Novemba hadi Aprili, na Lorna, aliyeendesha basi la shule miaka ishirini na sita, hakuwahi kumkasirikia mtu kwa sababu ya kutu. Kutu huja yenyewe. Rangi hupakwa na mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji, mikono mfukoni. Alikuwa mdogo wake, Duane, aliyempa binti wa Lorna, Kirsti, pikapu hiyo wakati wa Krismasi na kusifiwa na ukoo mzima. Jumanne iliyopita Kirsti alikuwa akiteremka kilima kwenda kazini. Akakanyaga breki, pedali ikazama mpaka sakafuni. Akajibamiza kwenye rundo la theluji kando ya njia panda, na lori la magogo likapita mbele yake. Alitoka na mkono uliovunjika.

Duane alikuwa ameshajitetea mara tatu: gari lina miaka ishirini na mbili, rangi aliipaka ili kulikinga, na Kirsti mwenyewe anapenda mbio. Lorna alimwambia tu alale chini amshikie taa.

Nati ziligoma, wakazipasha moto, mbili zikakatika. Walipofika juu ya ekseli ya nyuma bisibisi ikagusa kitu laini. Lorna akakwangua taratibu. Kilikuwa kipande cha mpira uliopasuka, urefu wa kidole, kimeunga ncha mbili za paipu na kubanwa kwa klipu huku na huku, kisha kikazikwa ndani ya rangi.

"Huu mpira ni wa nini, Duane?"

"Dada, ilikuwa ya muda tu. Nilitaka kuja kui—"

"Nimekuuliza ni wa nini."

"Wa petroli."

"Na unajua breki ikikanyagwa, mpira wa petroli unapasuka."

"Najua."

Lorna aliisukuma spana mbali, kwa sababu aliuona mkono wake ukiitamani.

"Nenda ndani ukamwambie," alisema. "Usiniombe mimi msamaha. Mimi sikuwemo kwenye gari."

Duane akaenda. Lorna akaanza kukunja paipu mpya ya shaba na nikeli kwa goti lake, akapanua mdomo wa kwanza wa paipu kwa nguvu za hasira mpaka ukapasuka, akaukata na kuanza upya. Ubao wa mlango wa jikoni ulikuwa mwembamba. Alimsikia ndugu yake akizungushazungusha maneno, kisha sauti ya Kirsti ikamkatiza.

"Siku uliyonipa ufunguo, mjomba, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Basi nenda kwako."

Duane alipopita tena gereji macho yalikuwa mekundu. Alisimama. Akasema Lorna atahitaji mtu wa kukanyaga pedali wakati wa kutoa upepo ulioingia kwenye paipu.

"Si wewe," dada yake akasema, bila kugeuka.

Paipu zote zilipokuwa zimefungwa Kirsti alitoka nje, mkono uliovunjika ukining'inia kwenye kitambaa, akapanda kwenye kiti cha dereva bila kuombwa. Mama yake alisema kanyaga, akalegeza nati, mafuta ya breki yakatoka yakiwa na mapovu, akaifunga, akasema achia. Wakaenda hivyo gurudumu baada ya gurudumu. Kwenye la tatu Kirsti akasema, "Mama, bado nina hasira."

"Mimi pia. Kanyaga."

Kufika saa saba mchana pedali ilikuwa ngumu. Lorna aliliendesha gari uani peke yake mara kumi na mbili, akifunga breki ghafla kila mara, kabla ya kumruhusu binti yake kukaa ndani. Jioni Duane alipiga simu. Mama na binti walikuwa mezani wakila. Waliisikia ikilia mpaka ikanyamaza.