Kona ya Kulia ya Kassian

Ukitaka kumkasirisha Kassian Thaler, mtajie mkono wake. Pale kijijini Obergrund, milimani, kila mtu anaujua. Akiwa juu ya skii, zile mbao za kutelezea thelujini, akikata kona ya kushoto, mzee anateremka vizuri mpaka unasahau bia yako mezani. Akikata ya kulia, mkono wa kulia unarudi nyuma, bega linaufuata, na anaonekana kama mtu anayejipapasa mfuko wa suruali kutafuta ufunguo.

Kwa miaka thelathini hakuna aliyemwambia, kwa sababu alikuwa mwalimu mkuu wa skii, na mwalimu mkuu haambiwi. Sasa mkuu ni Notburga, binti yake wa pekee, na huyo mdomo wake hauna breki.

"Baba, umerudia tena."

"Nimerudia nini?"

"Unajua nini."

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, na Jumapili ilikuwa siku ya Mstari. Jumapili ya mwisho ya msimu, watu wakishatoka kanisani, walimu wote kumi na wawili huvaa majaketi yao mekundu na kuteremka mlima unaotazamana na kanisa, mmoja nyuma ya mwenzake, kila mmoja akikata kona pale pale alipokata wa mbele. Kijiji kizima husimama chini na bia mkononi, na kila mtu ni hakimu. Mwalimu anayeharibu Mstari hutolewa, na jaketi lake hutundikwa ukutani katika baa ya Afra, pamoja na ya marehemu na ya waliovunjika magoti. Kassian alikuwa na miaka sitini na minane na magoti imara kama ya mbuzi. Hakutaka hata kidogo kukaa anakunywa supu chini ya jaketi lake mwenyewe.

"Haya, kona ya kulia," alisema Notburga, akijisimamisha mbele yake kwenye mteremko. "Uzito unauweka mguu upi?"

"Burgl," alisema Kassian, akimwita kwa jina lake la utotoni, "huo mguu nilikufundisha mimi, ukiwa bado unavaa nepi."

"Basi uukumbuke. Wa nje. Wa kushoto. Simama juu yake kama unaupenda. Mikono mbele, kama umebeba sinia la supu. Na macho yaende unakokwenda."

"Si ndiko yanakokwenda?"

"Yanakwenda nyuma, Baba! Kila kona ya kulia unageuka. Huko nyuma kuna nini?"

Kwenye lifti ya viti ya kupandia mlima, wakipanda tena, miguu ikining'inia juu ya misonobari, jibu likamjia Kassian lenyewe.

"Watoto," alisema.

"Watoto gani?"

"Wanafunzi. Nilikuwa nawahesabu. Ukimaliza kona ya kulia, unawaona wote juu yako. Mwaka wangu wa pili niliondoka juu na wanane, nikafika chini na saba. Wa nane nilimkuta ameketi chini ya msonobari anakula theluji, raha mustarehe. Mimi nusura nife. Tangu siku hiyo nahesabu."

Notburga alicheka mpaka kiti cha lifti kikayumba. Kisha akamshika baba yake mkono, huo huo wa kulia.

"Sasa huna mtoto wa kuhesabu, Baba. Dawa ninayo. Jumapili nakuweka wa mwisho. Nyuma yako hakutakuwa na mtu."

"Wa mwisho?" Kassian alikuwa ameongoza Mstari miaka thelathini. Ilimuuma kama kofi. "Wa mwisho ni wale wanaoanza kazi!"

"Wa mwisho, au ukutani kwa Afra. Chagua mwenyewe."

Ijumaa na Jumamosi alifanya mazoezi peke yake tangu lifti zilipofunguliwa. Mguu wa nje, sinia la supu, macho mbele. Alijisemesha kwa sauti, akajitukana, akajisifu. Jioni Afra alimletea maandazi yake ya kuchemsha na kabichi, akamwonyesha ukuta kwa kidevu.

"Msumari nimeshaupigilia, Kassian. Nimekuchagulia mahali penye mwanga."

"Utundike sufuria yako," alisema Kassian, akaendelea kula.

Jumapili jua liliwaka na theluji ilikuwa laini juu, ngumu chini. Notburga aliinua fimbo, akaanza. Mmoja mmoja wakamfuata, na Kassian akatoka wa mwisho, moyo ukimdunda kama wa bwana harusi.

Kona ya kwanza ya kulia: mkono ukabaki mbele. Tone la supu halikumwagika. Alitaka kupiga kelele za furaha. Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, kwa kuwa huko nyuma hakukuwa na la kutazama, akatazama mbele yake vizuri kwa mara ya kwanza. Akaona.

Mikono kumi na mmoja ya kulia ikirudi nyuma. Mabega kumi na moja yakiifuata. Watu kumi na mmoja wakitafuta ufunguo mfukoni, na aliyeutafuta kwa bidii kuliko wote alikuwa Notburga, mwalimu mkuu, kule mbele kabisa. Wote hao aliwateremsha yeye mlima huu huu wakiwa na kamasi puani, wakimfuata nyuma na kuiga kila alichofanya. Walidhani mkono ni sehemu ya kona. Miaka thelathini aliongoza Mstari akihesabu vichwa tu, asiione mikono, na kijiji, kilichomcheka akiwa peke yake, kwenye Mstari kiliuzoea hivyo, kikadhani ni madoido.

Alicheka peke yake mpaka miwani ikaingia ukungu.

"Kassian!" Sauti ya Afra ilipanda kutoka chini, na Afra hahitaji kipaza sauti. "Wenzako wanakwenda hivi, wewe unakwenda wapi?"

Hapo ndipo alipoelewa kwamba anayeharibu Mstari ni yeye. Zilibaki kona tatu za kulia. Akiendelea kukata sawasawa, jaketi litakwenda ukutani. Akipaza sauti kuwarekebisha, ataukata Mstari katikati na kumwaibisha binti yake mbele ya kijiji kizima. Na ile kona alikuwa ameitolea jasho siku tatu, jamani. Iliyofuata ilipofika, aliuachia mkono urudi nyuma, na bega pamoja nao. Na kwa kuwa mkono ulikuwa umerudi na mazoea ya zamani nayo yamerudi, akawahesabu: kumi na mmoja, hakuna aliyepotea. Alijisikia tajiri.

Chini watu walipiga makofi mpaka bia zikamwagika. Notburga alimjia mbio, mashavu mekundu, hajaona kitu.

"Wanasema kule juu uliyumba, kisha ukatulia. Umeona sasa, Baba? Ulipoacha ubishi, ukaanza kukata kona kama sisi!"

Kassian alikuwa amebishana na msichana huyu tangu ana miaka mitatu, na leo alikuwa na haki kuliko siku zote. Maneno yalimfika kwenye ulimi. Akamtazama usoni, akaona alivyofurahi, akayameza.

"Nimeona, Mwalimu," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo.

Notburga alijifuta pua kwa glavu, akatazama pembeni. "Basi mwakani nitakurudisha mbele, nyuma yangu tu."

"Hapana, mwanangu," alisema Kassian haraka. "Niache huko huko mwisho, niwahesabu."