Mzee Belmiro Auliza Njia

Siku ya kwanza mzee Belmiro aliingia mkahawani kwangu kabla ya saa sita mchana, akavua kofia, akaniambia mji wa Luxembourg ameshaumaliza.

"Umeumaliza vipi, mzee? Si umetoka asubuhi hii hii!"

"Kanisa kubwa nimeliona. Ikulu nimeiona, na yule askari anayekwenda na kurudi kama aliyesahau kitu. Bondeni nimeshuka kwa lifti, nikapanda kwa lifti. Kuna kingine?"

"Kuna maduka."

"Maduka hata kwetu Chaves yapo."

Nilicheka, nikamwekea kahawa. Mimi ni Mreno kama yeye, naitwa Graciete, na mkahawa wangu uko Bonnevoie, nyuma ya stesheni, miaka mingi sasa. Idalina, binti yake wa pekee, anakaa ghorofa ya tatu juu yangu. Kazi yake iko Kirchberg, upande wa pili wa mji, kwenye karakana ya meno ya bandia. Mzee alikuja kumtembelea kwa wiki moja, na begi lake lilinuka soseji za moshi hadi ngazi nzima ikajua kuna mgeni.

Idalina aliomba likizo ili amtembeze. Kumbe mwenzake wa kazi alikuwa ameteguka mkono, likizo ikafutwa. Basi ikabidi mzee azunguke peke yake.

"Baba, hapa huwezi kupotea," alimwambia mbele yangu. "Mji wenyewe mdogo. Tramu ni bure, basi ni bure, lifti ni bure. Panda chochote, shuka popote. Ukichanganyikiwa, uliza stesheni iko wapi. Ukifika stesheni umefika nyumbani."

"Na wewe utarudi saa ngapi?"

"Saa mbili. Kazi ni nyingi wiki hii."

Nilikuwa nafuta meza, nikanyanyua kichwa. Kila siku Idalina alikuwa akirudi alasiri, jua likiwapo bado. Lakini nikasema moyoni labda kweli, maana mwenzake hayupo.

Lazima niseme jambo moja kuhusu hawa wawili. Mama yake Idalina, Zulmira, alifariki mwezi wa pili mwaka huo. Alipokuwa hai, yeye ndiye aliyeshika simu. Idalina alipiga kila Jumapili, wakaongea mama na mtoto mpaka sikio likapata moto, na mzee akapiga kelele kutoka jikoni: "Mwambie avae vizuri, kuna baridi huko!" Mama naye anasema, "Baba yako anakusalimia." Miaka kumi na saba ilikwenda hivyo. Kila mmoja alidhani anazungumza na mwenzake.

Sasa mzee alikuwa akitoka kila asubuhi na mwavuli. Alipanda tramu, akakaa dirishani, akaenda nayo mpaka uwanja wa ndege inakoishia, akarudi nayo mpaka mwisho wa upande mwingine, kwenye uwanja wa mpira. Alishuka Daraja Jekundu, akaingia kile kigari kinachovutwa kwa kamba mlimani, akateremka bondeni Pfaffenthal, akapanda tena kwa lifti ya vioo upande wa pili. Siku ya pili nikamuuliza, "Leo umefanya nini?"

"Nimeurudia."

Kijijini kwake mtu hapiti bila kuamkiwa. Siku ya kwanza aliamkia tramu nzima. Hakuna aliyeitikia. Msichana mmoja alitoa vidude vya muziki masikioni, akadhani mzee anauliza njia, akamwonyesha kwa kidole ramani iliyobandikwa juu ya mlango, akatabasamu, kisha akavirudisha vidude vyake. Mzee aliniambia lile tabasamu lilimpa joto mpaka kituo cha tatu.

Hapo ndipo alipopata ujanja wake. Salamu haijibiwi, lakini swali la njia linajibiwa. Akaanza kuuliza njia ya mahali anapopajua. Alisimama mbele ya posta akauliza posta iko wapi. Aliuliza lifti akiwa ametoka ndani yake sasa hivi. Na kwa kuwa mji huu umejaa Wareno, watu walimsikia lafudhi wakamjibu kwa lugha yake.

"Mjomba, wewe wa wapi?" fundi mmoja wa vigae alimuuliza.

"Karibu na Chaves."

"Alaa! Mke wangu ana shangazi huko. Haya, posta ndiyo hii hapa nyuma yako, umeiegemea. Kwaheri, mjomba, nimechelewa."

Aliponisimulia tulicheka sana. Nilipomaliza kucheka nikaona yeye alishamaliza zamani, anaangalia kikombe.

"Na jioni, mnazungumza?" nikauliza.

"Anakuja amechoka. Tunakula. Mimi naangalia taarifa ya habari."

"Kwa Kifaransa? Unaelewa?"

"Hali ya hewa naielewa."

Alhamisi ilinyesha mvua tangu asubuhi. Alasiri mzee alitoka bondeni kwa kile kigari, akasubiri tramu pale juu kwenye Daraja Jekundu, viatu vimelowa. Ilipokuja aliingia behewa la nyuma. Ndani hakukuwa na watu wengi. Mwanamke mmoja alikaa peke yake dirishani, koti la mvua limefunika kichwa, uso ameuelekeza nje. Mzee akakaa kiti cha nyuma yake, akainama mbele.

"Samahani, binti. Hii inakwenda stesheni?"

"Ndiyo, mzee," mwanamke akajibu bila kugeuka, kwa Kireno. "Kaa tu, bado mbali kidogo. Nitakwambia."

Kisha mabega yake yakakakamaa. Akageuka polepole. Alikuwa Idalina.

"Baba?"

"Ah," mzee akasema. "Ni wewe."

"Unakwenda stesheni kufanya nini?"

"Siendi stesheni."

"Sasa unauliza ya nini?"

"Nauliza tu." Akapangusa kioo kwa mkono. "Wewe si uko kazini?"

Idalina alifikiria kusema uongo mwingine, aliniambia baadaye. Ukakataa kutoka.

"Nimetoka saa kumi."

"Na jana?"

"Jana pia. Kila siku."

"Halafu unakwenda wapi?"

"Humu humu. Nakaa tramuni mpaka giza liingie."

Watu wawili wakaingia na miavuli, wakapita. Mzee hakumwuliza kwa nini. Idalina mwenyewe ndiye aliyeanza, macho ameyarudisha dirishani.

"Nikifika nyumbani, tunakaa tu. Wewe na televisheni. Mimi naosha sahani ambazo nimeshaziosha. Nikifungua mdomo, naona ninachotaka kusema kilikuwa cha kumwambia mama. Sijui nianzie wapi na wewe, baba. Sijui kabisa."

"Mimi nilidhani wewe unajua," mzee akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Idalina akacheka, ikawa si kicheko kamili. Mzee akahama, akaketi kando yake. Stesheni ikaja, wakaipita. Kituo cha nyumbani nacho kikapita. Walikwenda mpaka uwanja wa mpira, dereva akashuka na mkoba wake, akatembea mvuani kwenda chumba cha usukani upande wa pili wa tramu, na wao wamekaa tu.

Idalina alikuwa akimtazama kwa pembeni. "Mbona unatafuna upande mmoja? Unatafuna nini?"

"Sitafuni. Haya meno ya bandia ya juu yananisumbua."

"Tangu lini?"

"Krismasi."

"Krismasi! Baba, mimi kazi yangu ndiyo hiyo, na hukusema?"

"Nilimwambia mama yako akwambie."

"Hakuniambia."

"Basi alisahau. Alikuwa ameanza kuumwa."

Hapo ndipo Idalina alipolia, na mzee hakujua afanye nini na mikono yake, akaushika mwavuli. Baadaye Idalina akapangusa uso kwa kiganja, akasema, "Hebu fungua mdomo."

"Hapa? Watu wanaona."

"Watu gani? Fungua."

Akafungua. Idalina akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye taa ya tramu, akapitisha kidole kwenye ufizi uliovimba. "Nani aliyekutengenezea hili balaa?" akasema. Mzee hakuweza kujibu kwa sababu kidole kilikuwa mdomoni.

Ijumaa Idalina alikwenda na meno ya baba yake kazini, na mzee akashinda kwangu bila meno, akichovya mkate kwenye supu ya kabichi na kukataa kuongea na mteja yeyote. Jioni yakarudi yamechongwa vizuri. Akala soseji ya kwake mwenyewe, ngumu, kwa mara ya kwanza tangu afike.

Nisiseme kwamba mambo yalinyooka. Jumamosi walitembea bondeni pamoja, na kwa nilivyoambiwa, sehemu kubwa ya njia walikwenda kimya. Jumapili Idalina alimsindikiza baba yake uwanja wa ndege. Mzee alikuwa anatamani aambiwe abaki. Aliniambia mimi, si yeye. Idalina alitaka kumwambia. Aliniambia mimi, si yeye. Nilimwambia kila mmoja amwambie mwenzake, kisha nikakaa kimya, kwa maana niliona nimeanza kuwa Zulmira.

Pasaka Idalina akaenda kijijini siku nne. Aliporudi aliniletea mafuta ya zeituni, akakaa kaunta bila kuvua koti.

"Mmezungumza?" nikamuuliza.

"Kidogo. Tulipaka chokaa ukuta wa jikoni."

"Na jioni?"

"Jioni kila mtu chumbani kwake." Akazungusha kijiko ndani ya kahawa ambayo hakuitia sukari. "Lakini mlango wake hakuufunga. Na mimi wangu sikuufunga. Namsikia anakohoa, naye ananisikia nageuka kitandani."

"Basi?"

"Basi, Graciete. Ndiyo hivyo tu."