Anayemnawisha Fabiani

Kwetu Mamba, msichana asiye ndugu yako akikunawisha mikono, watu huanza kuulizia mahari. Sasa mwaka ule wa sabini na nne, pale zahanati, nesi Pelagia, niliyemtaka mimi karani, alimnawisha Daktari Fabiani kwa sabuni kabla ya kila mgonjwa. Mikono gani hiyo isiyotakata?

Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikampokonya jagi.

"Lete, namnawisha mimi!"

"Wivu huo, Ponsian," akasema Pelagia. "Haya, mmwagie vizuri, asimpelekee mgonjwa huyu usaha wa yule."

Mama Hilaria, aliyekuja kufungwa kidonda, akacheka. "Nyie! Daktari kapata mke mwenye ndevu!"

Nikanuna, nikamwaga. Pelagia naye akajipaka sabuni, akaninyooshea mikono yake miwili.