Mwito Uliotolewa Jina

Angwenyi alikuwa na sikio kuliko DJ yeyote wa Kisii na Nyamira, ila sikio la muziki tu. La kumsikia mama yake hakubahatika kulipata. Jumapili angepiga drum and bass, muziki wa kasi, kwenye ukumbi mmoja karibu na Daraja Mbili, na alitaka kuwapa watu kitu wasichowahi kukisikia. Akakipata kwenye simu yake ya zamani: baba yake mkubwa, Nyakundi, akimlilia marehemu mamake, nyanya ya Angwenyi, kwa obokano, kinubi cha nyuzi nane. “Inchwo, Bitutu, inchwo.” Njoo, Bitutu, njoo.

Drum and bass hukimbia mapigo mia moja sabini na manne kwa dakika. Nusu yake ni themanini na saba, na kilio cha Nyakundi kilienda themanini na matatu. Angwenyi alikisukuma kidogo tu, kikaingia. Kii nayo, yaani ngazi ya sauti za wimbo, ilikuwa ile ile ya mdundo wake. Akajaribu wimbo wa kii nyingine, kisha ya tatu, ambazo zikikutana huumiza sikio. Zote zikapatana. Mtu mwenye akili angeogopa. Yeye alifurahi.

Mama yake, Drusilla, alirudi kutoka kuchuma chai akasimama mlangoni na kikapu mgongoni.

“Zima hiyo kitu,” akasema. “Hiyo jina iko na mwenyewe.”

Mwenyewe alikuwa binti ya Angwenyi, wa miaka minne, aliyepewa jina la marehemu kama ilivyo desturi. Tangu apewe jina, hapo kwao Ikonge hakuna aliyethubutu kuimba kilio kile, asije akamwita mtoto.

“Basi nitatoa jina, mama. Kelele iishe.”

Akalikata. Ukabaki mwito peke yake, halafu kimya cha mapigo manane mahali jina lilipokuwa, halafu mwito tena. Aliuacha ujirudie, akaona amemaliza kesi.

Drusilla alitua kikapu. “Umetoa jina,” akasema polepole. “Sasa unaita nani?”

Angwenyi alicheka, akaongeza sauti.

“Ee,” ikaitika sauti ndogo. Bitutu alikuwa amekaa kizingitini, macho kwenye spika. Mwito ukapita, na ndani ya kile kimya akaitika tena, barabara kwenye pigo.

“Tata, ananiita,” akamwambia baba yake.

Angwenyi akazima kila kitu, akachomoa hata waya ukutani.

“Ee,” akasema Bitutu.

Drusilla alimpakata, akamwita kwa jina lake mara tatu. Mtoto hakumtazama. Alikuwa akisikiliza kitu, na kila baada ya mapigo manane aliitika kwa adabu, kama mtoto aliyefunzwa vizuri.

Ndipo sikio la Angwenyi likamwambia jambo ambalo Drusilla hangeweza kulijua. Mapigo ambayo mtoto aliyafuata yalikuwa yanapungua kasi. Themanini na saba. Themanini. Sabini. Mikono ya mtoto ilikuwa inapoa.

Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Akapiga magoti, akaanza kumpigia makofi, kwa kasi, kama anavyousukuma wimbo uliobaki nyuma. “Nifuate, mama,” akamwambia binti yake. “Nifuate mimi.” Bitutu hakufuata. Makofi ya baba ndiyo yaliyolegea, yakamfuata mtoto, hata alipojikaza yasimfuate.

“Ee.”

Angwenyi akahesabu hadi nane. Mtoto hakuitika. Drusilla alikuwa ameanza kuomba. Akahesabu hadi kumi na sita, akaendelea kuhesabu.