Samadi Iliyofagiliwa Awindiri

Rehemah alishuka bodaboda Awindiri, mtaa wa Arua, nguo zikinuka mafuta ya kukaangia. Wiki nzima alikuwa Koboko kwa shemeji yake Tahiru, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, akisaidia kukaanga vitafunio vya posa ya binti wa Tahiru huyo. Wakwe wangepokelewa hapa Arua, kwenye nyumba ya ukoo alikoishi Rehemah, jioni hiyo hiyo. Ua ulikuwa umefagiliwa ukang'aa. Rundo lake la samadi ya mbuzi halikuwepo.

Miezi kadhaa alikuwa amelifunika kwa majani ya migomba, akiligeuza mpaka likaiva na kuacha kunuka. Alilihitaji kwa kufa na kupona. Tahiru alikuwa amemwachia shamba kando ya kijito kwa sharti moja: kabichi alizopanda zikikubali msimu huu, libaki lake, zikikataa, liende kwa wafyatua matofali. Udongo wenyewe ulikuwa umechoka. Haukutaka samadi peke yake wala mbolea ya dukani peke yake, ulitaka zote mbili: samadi tele, kisha kizibo kimoja cha soda cha mbolea ya dukani kando ya kila mche, basi.

"Nani alitoa samadi yangu?"

Latifu, mdogo wa mwisho wa marehemu, alitoka ndani akitabasamu.

"Mimi nilichoma, shemeji. Tahiru alipiga simu siku ile wewe nakwenda, alisema wageni hapana ona mavi ya mbuzi. Lakini usiogope. Majivu yake nilichanganya na mbolea ya duka, gunia yote, nikaweka kwa kabichi. Mkono mzima kila moja!"

Na alikuwa anangoja kushukuriwa, mpumbavu yule! Majivu na mbolea ile havikai pamoja: vikikutana, nguvu hupotea hewani kwa harufu ya kuchoma pua. Kilichobaki, kwa wingi ule, huunguza mizizi. Rehemah alikimbia hadi kijitoni akakuta kabichi zimekauka kingo na kulala chini. Alipiga kelele ya hasira, si ya kilio.

Tahiru alifika kutoka Koboko, akatazama shamba akiwa amesimama mbali asichafue kanzu.

"Shamba imekataa. Kesho mutu ya matofali nakuja."

"Haikukataa. Wewe ndiyo uliua!"

"Wacha kelele. Wageni iko njiani."

Neno hilo ndilo lililommaliza uvumilivu. Kwa hiyo wageni ndio waliostahili kila kitu, na yeye aliyewakaangia vitafunio hakustahili hata kuulizwa? Aling'oa kabichi zote, akajaza beseni. Wakwe walipokwisha kuketi mikekani, alipita katikati yao akazimwaga na matope yake juu ya ule ua msafi, mbele ya miguu ya Tahiru.

Nyanya wa bwana harusi, Sumayah, alishusha kikombe chake cha chai.

"Hii ni nini, mwanangu?"

"Ni shamba yangu, mama. Walichoma samadi yake juu ya nyinyi, msione uchafu. Sasa wanataka kunyang'anya mimi."

"Uchafu? Nyumbani kwetu mbuzi iko mingi kushinda watu." Bibi alimgeukia Tahiru. "Mimi hapana toa mahari kwa nyumba inafukuza mujane."

Tahiru alijifuta jasho. Alimtazama Rehemah kwa chuki ya wazi, kisha akawatazama wakwe.

"Shamba ni yake."

"Msimu moja?" Rehemah aliuliza.

"Yake kabisa! Mimi nimesema."

Wiki iliyofuata pikapu ilileta samadi mbichi kutoka zizi la Tahiru, Koboko. Latifu aliishusha kwa koleo pale pale mikeka ilipokuwa imetandikwa. Ingechukua miezi kuiva, na msimu ulikuwa umeshapotea. Shamba Rehemah alilipata, kabichi hakuzipata, na hasira yake haikupungua hata chembe.

"Nifunike, shemeji?" Latifu aliuliza kwa sauti ndogo.

"Funika. Na ufagio lete hapa, itakaa kwangu."